Warsha, diploma, kozi ya mtandaoni au mwenzako nyuma ya darasa: mhadhiri ajiongeze wapi?

Kila likizo ya semista napata meseji ileile kutoka kwa TA (tutorial assistant, ngazi ya kuanzia ya walimu wa chuo) wapya wa idara yetu, "Dokta, nimeona tangazo la mafunzo ya ufundishaji, niende?" Na mimi kila mara najibu kwa swali, mafunzo gani? Maana hilo neno limebeba vitu vinne vitano ambavyo havifanani kabisa, ukikosea unaweza kupoteza mwaka mzima na hela zako, au ukarudi na cheti kizuri cha kubandika ukutani huku darasa lako liko vilevile.

Tuanze na jambo ambalo hatupendi kulisema. Hapa Tanzania kilichotuingiza wengi kwenye hii kazi ni GPA, 3.8 ya digrii ya kwanza halafu 4.0 ya masters, hakuna aliyetuuliza kama tunajua kufundisha. Mwalimu wa sekondari anasomea ualimu, anapelekwa mazoezi, anakaguliwa na daftari lake la maandalio linaangaliwa. Mimi nilipewa funguo ya ofisi Ijumaa, Jumatatu saa 2 asubuhi nikawa mbele ya watu 380 na maiki inayokata kata, nikafundisha vile nilivyofundishwa, yaani slaidi 60 na kuzisoma.

Na hili sio suala la mapozi. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Scott Freeman wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hesabu na uhandisi, wakakuta kwenye madarasa ya kukaa na kusikiliza tu wanaofeli ni karibu 34 kwa kila 100, na kwenye madarasa ambayo wanafunzi wenyewe wanafanya kitu wanaofeli ni kama 22. Chukua tofauti hiyo, hata kijuujuu tu, iweke kwenye darasa langu la 380, ni watu 45 hivi, Coaster moja na nusu ya watoto wa watu wanaokwenda kwenye sapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli).

Sasa twende kwenye kuchagua.

Vitu vinne vya kupimia

Cha kwanza ni muda, na sio idadi ya siku tu ila siku zenyewe zinaangukia wapi, siku tano za likizo na siku tano za wiki ya kusahihisha UE (mtihani wa mwisho wa semista) sio kitu kimoja. Cha pili ni hela, nani analipa, na tuseme ukweli pia nani anapokea maana kuna watu wanafuata posho na sio dhambi, posho ni posho. Cha tatu naita karatasi, yaani ukimaliza unapewa nini na hicho kitu chuo chako kinakihesabu au hakikihesabu. Hapa usiniulize mimi, kaombe mwongozo wa kupanda vyeo wa chuo chako uusome mwenyewe, maana kinachobeba uzito mkubwa sehemu nyingi ni machapisho, na unaweza ukakuta cheti cha ufundishaji hakina pointi hata moja au kina mstari wake kabisa na wewe hukujua. Cha nne ndio chenyewe, darasani. Miezi sita baadaye utakuwa unafanya nini ambacho leo hufanyi?

Nitapitisha kila njia kwenye hayo manne. Sitaongea kwa urefu sawa kwa sababu nyingine nimezipitia mwenyewe na nyingine nimeziona kwa wenzangu tu.

Warsha ya siku tatu mpaka tano

Muda wake ni mdogo na unaeleweka, unaondoka Jumatatu unarudi Ijumaa. Hela mara nyingi analipa chuo au mradi, mfano ni HEET, mradi wa serikali wa kuboresha vyuo vikuu kwa fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 425 zilizoidhinishwa 2021, ambao pamoja na majengo na maabara uliwekewa fungu la kuboresha mitaala na kusomesha wahadhiri. Karatasi ni cheti cha kuhudhuria, kinakaa vizuri kwenye CV, usikitegemee kwa zaidi ya hapo.

Darasani ndio kwenye utata, kwa sababu warsha ziko za aina mbili na tangazo lao linafanana. Ya kwanza niliihudhuria mwenyewe kwenye hoteli moja Morogoro, mwezeshaji alikuwa na slaidi nyingi kuliko zangu na zilikuwa zinaeleza ubaya wa kufundisha kwa slaidi, tukala vizuri, tukapewa flashi na begi, wiki iliyofuata nikarudi kwa watu wangu 380 nikafungua slaidi zangu 60. Sikubadilisha hata rangi.

Ya pili ni ile inayokutoa jasho. Mfano ni muundo unaoitwa Instructional Skills Workshop, ulianzia British Columbia, Canada, mwishoni mwa miaka ya 1970 na sasa umesambaa nchi nyingi. Mnakuwa kikundi kidogo, watu watano hivi, kila mmoja anafundisha wenzake somo la dakika 10, halisi, huku anarekodiwa video, wakimaliza kukusikiliza wanakwambia walichoelewa na walipopotea, kesho yake unarudia na somo lingine, na keshokutwa tena. Mara ya kwanza kujiona kwenye ile video unatamani uifute, mtu unagundua unaongea na ubao, au kila sentensi inaanza na "sawasawa". Ila mara ya tatu unaona tofauti kwa macho yako.

Kuna na warsha ambazo unakuja na kozi yako mwenyewe mkononi mnaifumua na kuishona upya. Mradi wa TESCEA, wa kuboresha ufundishaji vyuoni Afrika Mashariki, ulifanya hivyo kuanzia 2018 mpaka 2021 na vyuo vya Mzumbe na Dodoma kwa upande wetu, Gulu na Uganda Martyrs kwa Uganda, na wenzetu wa AFELT, chama cha kukuza ufundishaji vyuoni kutoka Kenya, ndio walikuwa kwenye upande wa mafunzo. Unaanza na swali mwanafunzi akimaliza hii kozi aweze kufanya nini, halafu ndio unashuka kwenye mitihani, halafu shughuli za darasani, slaidi zinakuja mwisho kabisa. Sisi wengi tunaanzia kwenye slaidi.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu muulize mwandaaji maswali mawili, nitakuja na kozi yangu? nitasimama kufundisha? Akijibu hapana kwa yote mawili basi nenda ukijua unaenda kupumzika na kukutana na watu, nayo ina faida yake. Warsha inamfaa aliyeanza kazi majuzi, na yule mwenye ratiba iliyojaa ambaye anaweza kuchomoa wiki moja tu kwa mwaka.

Diploma au cheti cha uzamili cha ufundishaji wa elimu ya juu

Hii ni shule kabisa. Kwa kipimo, diploma ya uzamili Afrika Kusini inabeba krediti 120, na krediti moja inahesabiwa saa 10 za kujifunza, kwa hiyo ni saa 1,200. Cheti cha uzamili cha Uingereza, ambacho vyuo vingi kule wanampa mhadhiri mpya akiwa kwenye kipindi cha majaribio, kina krediti 60, yaani saa 600. Gawanya hizo 600 kwa wiki 50 ni saa 12 kila wiki, juu ya lekcha, juu ya kusahihisha, juu ya pepa za utafiti, juu ya familia. Watu hawaifanyi hii hesabu kabla ya kujisajili, wanaifanya mwezi wa tatu wakiwa wameshalipa ada.

Hela ni nyingi kuliko njia zote hapa, kama chuo hakilipi piga hesabu na mwenza wako mapema. Karatasi yake ndio nzito kuliko zote, ni sifa ya kitaaluma inayosomeka popote na ukiomba kazi nje inaonekana. Ila angalia jina vizuri! PGDE (diploma ya uzamili ya elimu) za hapa kwetu nyingi zimetengenezwa kwa mtu mwenye digrii isiyo ya ualimu anayetaka kufundisha sekondari, ni nzuri kwa kazi yake, lakini utajikuta unajifunza kuandaa azimio la kazi la kidato cha tatu wakati shida yako ni kusimamia tasnifu 14.

Darasani hii inaingia ndani kwelikweli kwa sababu kazi za diploma zinafanyiwa kwenye darasa lako, unabadilisha kitu, unakusanya ushahidi, unaandika kilichotokea. Na mabadiliko ya aina hii yanataka muda. Gibbs na Coffey mwaka 2004 walichapisha utafiti uliohusisha vyuo 22 vya nchi 8, walimu waliopata mafunzo ya miezi walisogea kwenye kumweka mwanafunzi katikati, na wale wa kulinganishia ambao hawakupata mafunzo yoyote ama walibaki walipokuwa ama walirudi nyuma. Hilo la kurudi nyuma ndio lilinigusa maana tunaaminishana kwamba mtu akikaa miaka mingi anakomaa mwenyewe tu.

Tahadhari moja ni PhD. Nimemwona mwenzangu ameziunganisha zote mbili, diploma akamaliza vizuri sana na PhD ikalala miaka miwili, na kwenye mfumo wetu bila PhD hutoki ngazi ya mhadhiri msaidizi. Inamfaa aliyeshamaliza PhD na anataka ufundishaji uwe sehemu ya jina lake, anayelengwa kuwa mratibu wa ubora au kuongoza kitengo cha ufundishaji, au anayefikiria kuhamia vyuo vya nje.

Kozi za mtandaoni

Coursera, edX, FutureLearn na wenzao wana kozi nyingi za kufundisha chuo, kutunga mtihani, kutengeneza rubriki (jedwali la vigezo vya kutolea alama), kufundisha kwa Moodle (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni). Muda unajipangia mwenyewe, na hapo ndipo mtego ulipo. Watafiti Reich na Ruipérez-Valiente waliangalia kozi za MIT na Harvard kwenye edX, wakachapisha mwaka 2019, na kwa mwaka wa masomo 2017/2018 waliofika mwisho walikuwa asilimia 3.13 ya waliojisajili. Ukichukua wale tu waliolipia cheti walimaliza asilimia 46. Mi nafundisha takwimu kwa hiyo siwezi kukwambia kulipa ndio kunamalizisha, pengine anayelipa ni yule ambaye tayari ana nia, ila kama unajijua mvivu basi weka hela kidogo mezani uone kama haitakuuma.

Hela yenyewe kwa kawaida ni bando na muda, kwenye baadhi ya kozi video unaangalia bure na cheti ndio kinalipiwa kwa dola, Coursera wana utaratibu wa kuomba msaada wa ada kwa baadhi ya kozi, unajaza maelezo na kusubiri. Pakua video ukiwa chuoni usimalize vocha nyumbani. Karatasi ni nyepesi, kamati ya kupandisha vyeo ikiona cheti cha PDF cha wiki nne haishtuki.

Darasani kozi hizi zinanoga kwenye vitu vya mikono, vile ambavyo ukishajua unafanya leoleo. Maswali ya kuchagua yanayojisahihisha kwenye Moodle nilijifunza hivyo, jioni mbili, na koswaki (majaribio ya katikati ya semista) ya watu 380 iliyokuwa inanila wikendi tatu sasa inajisahihisha nikiwa nakunywa chai. Vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020 mpaka vikafunguliwa Juni mosi, tofauti kati ya aliyewahi kugusa hivi vitu na ambaye hakuwahi ilionekana wazi. Ila mifano yao mingi ni ya darasa la watu 25 Canada kila mmoja na laptop yake, ukileta mjadala wa vikundi vya watanowatano kwenye ukumbi wenye viti vilivyofungwa chini kwa boliti lazima uupike upya. Inamfaa mwenye shida moja inayojulikana jina, anayejituma, aliye mbali na miji mikubwa, na mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza kulala hotelini siku tano.

Mwenzako nyuma ya darasa

Hii haina tangazo. Unamuomba mtu unayemwamini aje akae kiti cha nyuma lekcha moja, mnapanga kabla aangalie nini, baada ya hapo mnakunywa chai anakwambia. Muda ni saa mbili kwa kila mzunguko. Hela ni chai na vitumbua. Karatasi hakuna kabisa, labda muandikiane ripoti fupi uiweke kwenye faili lako, kuna vyuo vinavyokubali tathmini ya mwenzako kama ushahidi na kuna vingine havina hata hiyo fomu.

Darasani nitakueleza kilichonipata. Dada mmoja wa idara ya lugha alikuja kukaa nyuma kwangu, nilimwambia angalia kama wanafunzi wanashiriki. Dakika 50. Tukafika kantini akafungua daftari lake, hakuwa ameandika maoni yoyote, alikuwa amechora vijiti tu. "Kaka, umeuliza 'mmeelewa?' mara kumi na moja, wamejibu 'ndiyooo' mara kumi na moja, na ulikuwa unasubiri kama sekunde moja hivi kisha unaendelea. Kijana wa pembeni yangu alijibu ndiyo huku anaangalia mpira kwenye simu." Mtu wa takwimu, naishi kwa kuhesabu, na sijawahi kuhesabu hilo! Wiki iliyofuata nikaacha kabisa lile neno, badala yake kila dakika 15 naweka swali moja kwenye ubao, wanaandika jibu kwenye kipande cha karatasi, wanabadilishana na jirani. Karatasi za kwanza nilizokusanya zilinipa majonzi, zaidi ya nusu walikuwa wanachanganya wastani (mean) na kati (median), na hao ndio wale wa ndiyooo.

Ubaya wake upo. Ukimuomba mkuu wa idara akae nyuma hilo sio jicho la mwenzako tena, huo ni ukaguzi, utajikuta unafundisha kwa ajili yake. Na kama wote wawili mna tabia mbaya ileile hakuna atakayeiona, mtasifiana tu, kwa hiyo tafuta mtu wa fani nyingine. Inamfaa mwenye uzoefu ambaye warsha zimeshamchosha, na yeyote ambaye fomu za tathmini za wanafunzi zinasema "anaeleweka kidogo" bila kusema kwa nini.

Ufelo wa Advance HE

Nitaisema kwa kifupi kwa sababu naulizwa. Ufelo (fellowship) ni utambulisho wa kitaaluma kwamba unafundisha kwa kiwango, na Advance HE ni taasisi ya Uingereza inayoutoa, wana ngazi nne kuanzia Associate Fellow, Fellow, Senior Fellow mpaka Principal Fellow. Sio kozi. Unaandika unavyofundisha na kuweka ushahidi kulingana na viwango vyao, wanaupima. Muda ni wa kuandika, wikendi kadhaa na zaidi kama hujawahi kutunza kumbukumbu za darasa lako. Hela ni kwa pauni, aliyeko kwenye chuo mwanachama analipa kidogo kuliko anayekwenda mwenyewe. Karatasi inajulikana sana Uingereza na sehemu nyingine za nje, hapa nyumbani itabidi uielezee. Darasani haikufundishi kitu kipya moja kwa moja, inakulazimisha kujiuliza kwa nini unafanya unavyofanya, na wengine hapo ndipo wanaposhtuka. Inamfaa mwenye miaka yake ya kazi na mambo ya kuonyesha, TA wa mwaka wa kwanza ataandika nini?

Basi wewe uko wapi?

Kama ndio umeajiriwa na hujawahi kusimama mbele ya darasa, tafuta warsha ile ya kutoa jasho kabla semista haijaanza, na ukifika chuoni tafuta mtu wa kukaa nyuma yako ndani ya wiki nne za kwanza kabla mazoea hayajaganda.

Kama uko katikati ya PhD, usijisajili diploma juu yake. Kozi moja fupi ya mtandaoni kwa shida moja inatosha, mengine yatasubiri.

Kama PhD umemaliza, pepa zinatoka na unaona ufundishaji ndio unakopenda, diploma inalipa hata kama haina pointi leo, mradi hela na saa 12 za kila wiki umezipata kweli na sio za kufikirika.

Kama unaondoka nchini au unaomba kazi nje, angalia diploma na ufelo kwa pamoja, na kwa vyovyote anza kutunza ushahidi sasa hivi, mitihani, picha za ubao, maoni ya wanafunzi.

Kama chuo chako hakina bajeti na mmebaki watu watatu idarani, kaeni nyuma ya madarasa ya wenzenu kwa zamu, Jumatano ya kila wiki ya pili, kila mtu aje na shida moja tu ya darasani kwake. Msiite kamati, mkiita kamati mtaanza kuandika mihtasari.

Na kama unasoma hii Jumapili usiku na lekcha yako ni kesho saa 2, mtumie mtu meseji sasa hivi aje na daftari, akachore vijiti.